Uwazi Ndani ya Kidoti

Siku ya tatu Kidoti hajacheua, Bibi Monica aliamua kumwita mchinjaji.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Editha yuko uani anasuuza nguo, akamsikia mama mkwe wake akiongea kwenye kile kisimu chake cha vitufe kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani. "Chilumba, njoo na kisu. Njoo sasa hivi, kabla hajaniangukia. Mie mzoga siutaki." Kisha akakata simu, akageuza ndoo tupu, akaikalia mlangoni mwa banda na kumtazama ng'ombe wake.

Kidoti alikuwa chotara wa maziwa, mweusi tii, na doa moja jeupe katikati ya paji la uso. Asubuhi ile alisimama mgongo umepinda kama upinde, miguu ya mbele imetanuka kana kwamba ana jipu kifuani. Majani yalikuwa mbele yake tangu jana na hakuyagusa. Akijaribu kusogea hatua moja, aliguna. Maziwa yalikuwa yameshuka kutoka ndoo nzima hadi kikombe, na kikombe chenyewe hakikujaa.

Nyumba yao ilikuwa Mabibo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka sokoni, na pale nyumbani kila mtu alijua ng'ombe ni wa nani. Mume wa Bibi Monica alipofariki kule Mbinga, Fredrick, mume wa Editha, alimfuata mama yake amlete mjini apumzike. Bibi Monica alimjibu: "Mie si ua la kwenye kopo, nikae namwagiliwa maji. Kama hakuna cha kufuga, siji." Fredrick akajenga banda kwanza, ndipo mama akaja. Miaka sita sasa. Fredrick mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu; wiki ile alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani, njia ya Lubumbashi. Wanawake wawili ndio waliobaki na ng'ombe.

Editha aliacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumbani na kupiga simu yake. Alimpigia Daktari Zoeb, mzee wa Kibohora mwenye duka la dawa za mifugo kule Kinondoni. Alimweleza kwa sauti ya chini: mgongo, kuguna, maziwa. Daktari akauliza, "Anakula nini?"

"Majani. Na maganda ya sokoni."

"Nakuja. Msimchinje."

Kuna jambo hakumwambia daktari, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Siku zote aliyechambua maganda ni Bibi Monica. Aliyamwaga kwenye turubai, akapitisha vidole ganda kwa ganda, akitoa mifuko ya plastiki, misumari, na vile vipande vya waya wanavyofungia matenga ya nyanya. Lakini Jumatano Bibi alikwenda msibani na wanajumuiya wenzake, akamwachia Editha kazi ile. Editha alikuwa mwalimu wa baiolojia, na siku hiyo alikuwa na karatasi mia na ishirini za mtihani wa nusu muhula. Aliliinua gunia, akalimimina lote kwenye hori. Kitu kiling'aa kati ya maganda ya ndizi. Akajiambia ni maji. Jioni Bibi alirudi, akauliza, "Umechambua?" Na yeye, bila hata kuinua kichwa kwenye karatasi, akajibu, "Nimechambua, Mama."

Alhamisi jioni Kidoti akaacha kula.

Daktari na mchinjaji walifika getini pamoja. Chilumba alikuwa Mmakonde mnene, mpole, kisu kakiviringisha kwenye kipande cha gunia. Daktari Zoeb alikuwa mfupi, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu kichwani, akishuka kwenye bajaji na sanduku la bati kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka karibu na mwili kama mtu aliyebeba yai kwapani.

"Shikamoo Daktari," Editha alimpokea sanduku.

"Marahaba, Mwalimu. Huu mkono usiutazame. Mwaka jana nilianguka na pikipiki, bega limeganda." Akamgeukia Chilumba. "Na wewe umeitwa?"

"Nimeitwa, Daktari."

"Basi nisaidie kwanza, kazi yako itasubiri."

Wakachukua mti wa kufungia mlango, wakaupitisha chini ya kifua cha ng'ombe, Chilumba upande huu, daktari upande ule. Wakauinua polepole, kisha wakauachia ghafla. Kidoti alitoa mguno mrefu, mzito, mguno wa mtu aliyechomwa kisu, na Bibi Monica akainuka kwenye ndoo yake.

"Waya," alisema Daktari Zoeb. "Au msumari. Ng'ombe hachagui kama mbuzi, anakusanya na kumeza, kutafuna ni baadaye. Chuma ni kizito, kinashukia kwenye lile tumbo dogo la mbele, lenye vyumba kama sega la nyuki. Na kila tumbo likijikamua, linakisukuma mbele. Mbele yake kuna utando tu, na nyuma ya utando huo ni moyo."

"Umeshafika moyoni?" Bibi Monica aliuliza.

Daktari alitega sikio kifuani mwa ng'ombe. "Moyo nausikia bado unapiga safi. Lakini sijui kwa saa ngapi."

"Basi Chilumba, chinja."

"Kuna njia nyingine, Mama. Kumpasua ubavuni na kuutoa. Nimefanya mara nyingi. Ila nikishamdunga sindano zangu, nyama yake haifai kuliwa na mtu. Chagueni moja. Mkichagua kupasua na akafa, mtachimba shimo."

Chilumba akaangalia chini. "Bibi, mie nasubiri neno lako."

"Neno si nimeshalisema?"

"Mama, naomba tumjaribu," alisema Editha.

Bibi Monica alimgeukia taratibu. "Tangu lini wewe unampigania huyu? Siku zote banda linanuka, inzi wamejaa, wageni wako wanaziba pua. Leo una nini?"

Editha angeweza kusema habari ya maziwa, au ya mimba ya miezi minne aliyokuwa nayo Kidoti. Alifungua kinywa aseme hayo, likatoka jingine.

"Mie ndiye niliyempa huo waya. Jumatano sikuchambua. Nilimimina gunia zima."

"Nilikuuliza," alisema Bibi Monica.

"Uliniuliza, nikakudanganya."

Yule mama hakupiga kelele, na Editha alitamani angepiga. Alimtazama mkwe wake kutoka kichwani hadi kwenye kandambili zake zilizolowa maji ya kufulia, kisha akamwambia daktari, macho yakiwa bado kwa Editha: "Mpasue."

Chilumba aliweka kisu chake juu ya ukuta. "Mie nabaki," alisema. "Kushika ng'ombe nako ni kazi yangu."

Walimfunga Kidoti kati ya nguzo mbili, ubavu wa kushoto ukitazama uani kwenye mwanga. Editha alichemsha maji. Daktari alinyoa manyoya kuanzia mbavu za mwisho hadi nyonga, akasugua kwa sabuni, akapaka dawa ya rangi ya chai ya rangi, akadunga ganzi tundu kwa tundu. Msaidizi wake Benjamin, alieleza huku akidunga, alikuwa amefiwa na yuko Kilosa. "Leo wewe ndiye Benjamin, Mwalimu. Nawa mpaka kwenye mabega. Kata kucha. Pete vua."

"Mama," aliendelea, akimsemesha Bibi Monica, "nitatoboa hapa. Nitalikuta tumbo kubwa. Kabla sijalitoboa, lazima nilishone kwenye ngozi pande zote, lizibe. Hapo ndipo nitawaomba msipige chafya."

"Kwa nini usitoboe moja kwa moja?"

Daktari alikuwa anavuta uzi kwenye sindano, akamwonyesha Editha kwa kidevu. "Mwalimu ni wewe, mweleze."

Kwa miaka kumi na tano Editha alikuwa akilifundisha jambo hilo kidato cha tano. Alichora duara ubaoni, ndani yake duara jingine, akaandika katikati: uwazi wa mwili, seloma. Aliwaeleza kwamba minyoo bapa hawana uwazi huo, miili yao imeshindiliwa kama chapati. Kwamba nyungunyungu anao, na ndiyo maana anaweza kujikunja na kutoboa ardhi huku chakula kikienda njia yake humo ndani bila kubanwa. Kila mnyama mkubwa unayemjua, aliwaambia, ni mrija ndani ya mrija, na kati ya mirija hiyo miwili kuna nafasi. Wanafunzi walinakili. Mwaka uliofuata alichora tena. Hakuwahi kuiona nafasi hiyo kwa macho yake. Shule yao ilikuwa na chati iliyochanika na chura mmoja kwenye chupa.

"Matumbo hayajagandia kwenye ubavu, Mama," alisema. "Yananing'inia. Kati yake na nyama za ubavu kuna nafasi, na majimaji kidogo ya kulainisha. Ndiyo maana anaweza kulala, kuinuka, kukimbia, na tumbo linaendelea kusaga kivyake. Ila hiyo nafasi ni moja, haina kuta. Uchafu wa tumboni ukidondokea humo..."

"Kama panya wa darini," alisema Bibi Monica.

"Mama?"

"Kati ya dari na bati. Akiingilia jikoni, anatokea chumbani kwako. Hakuna wa kumzuia."

"Ndiyo hivyo hivyo," alisema daktari. "Sasa kimya."

Kisu kilishuka ubavuni. Ngozi iliachana, chini yake nyama tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kila moja na nyuzi zake zikielekea upande wake. Damu haikuwa nyingi kama Editha alivyotarajia. Mwishoni ukabaki utando mweupe, mwembamba, unaong'aa. Daktari aliubana kwa koleo, akauinua, akauchana kidogo. Hewa iliingia na mluzi mfupi, fyuu, ubavu mzima ukalegea, na Editha akaruka nyuma.

"Imeingia, haijatoka," alisema daktari. "Hewa haikuwamo humo tangu azaliwe."

Akatumbukiza mkono wa kushoto hadi begani, kati ya tumbo na ubavu, akaupapasa mwili kwa ndani huku amefumba macho. Editha aliuona uwazi. Haukuwa duara. Ulikuwa mpasuko wa giza lenye unyevu, tumbo la rangi ya majivu likitokeza na kurudi, likiteleza juu ya utando bila kukwaruza. Lilikuwa zuri, na kwa dakika moja akasahau alichokifanya.

"Hapa mbele pamegandia," daktari alisema taratibu. "Mwili umeanza kujenga ukuta kuzunguka jeraha. Vizuri. Usaha haujasambaa. Lakini pakigandia sana, tumbo halitatembea tena, na ng'ombe ambaye tumbo lake halitembei hufa njaa huku anakula."

Alilivuta tumbo kubwa hadi mdomoni mwa jeraha, akaanza kulishona kwenye ngozi pande zote. Mkono wa kulia ulishika koleo tu. Wa kushoto ndio ulioshona. Jasho lilimtiririka chini ya kofia, Editha akamfuta kwa kanga. Kisha daktari akalichana tumbo. Harufu ya majani yaliyochacha ikawapiga usoni. Wakachota kwa mikono: majani, maganda ya ndizi, maganda ya nanasi, mifuko ya rambo iliyosokotana kama kamba. Ndoo mbili zikajaa.

Ndipo daktari alipoingiza mkono wake kufuata waya. Aliingiza hadi kwenye kwapa, shavu lake likabanwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Akasukuma. Akasimama kwa vidole vya miguu. Editha aliiona mishipa ya shingo yake.

"Nagusa ukingo tu," alisema, akihema. "Benjamin ni mrefu. Kwa mkao huu, wa kulia ndio ungefika, na ndio mbovu."

Chilumba alitazama mkono wake mwenyewe, mnene kama nguzo ya banda, akatikisa kichwa.

"Mkono ulioingiza ndio utakaotoa," alisema Bibi Monica kutoka mlangoni.

Editha alikuwa mrefu kuliko wote pale. Mikono yake ndiyo iliyomfanya achezee timu ya netiboli ya chuo. Akasogea.

Ndani kulikuwa na joto zaidi kuliko alivyofikiri, joto la karibu kuunguza, na uzito wa chakula ulimbana mkono pande zote. "Nenda mbele, chini," daktari aliongoza. "Utakuta kama kizingiti. Kivuke." Alikivuka. Vidole vyake vikaangukia kwenye vyumba vidogo vidogo, maelfu, vyenye kingo kali. Akakuta mawe. Akakuta kitu cha mviringo, kifungo au sarafu. Akaendelea, bega limezama, sikio lake limelala kwenye manyoya ya Kidoti. Na hapo, kwenye ncha za vidole, akahisi kitu kikigonga kutoka upande wa pili. Kikagonga tena. Taratibu, kizito.

"Daktari, kuna kitu kinapiga."

"Ni moyo. Usisukume chochote kuelekea huko. Papasa tu."

Alipapasa. Chumba kimoja, kingine, kingine. Kisha kidole cha kati kikachomwa, na kwenye pango lile la giza akajua amefika. Kilichobaki ndani ya tumbo kilikuwa kisiki cha waya kifupi kama njiti ya kiberiti. Kipande kingine chote kilikuwa kimekwisha kupenya ukuta wa tumbo.

"Nimekishika."

"Usikipinde. Vuta kurudi ulikotoka, moja kwa moja. Kama unang'oa mwiba wa mtoto."

Alivuta. Waya haukuja. Uliteleza kwenye majimaji, akaukamata tena kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta, na ukatetemeka kidogo kila moyo ulipopiga.

Wakati huo huo, nyuma ya ukuta, spika zikalia.

Kwa jirani, kwa Naima, kulikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi jioni ile, na vijana wa muziki walikuwa wameanza kujaribu vyombo vyao. Singeli ilipasuka kama bomu. Kidoti akaruka. Kamba zikamrudisha, miguu ya nyuma ikateleza kwenye sakafu iliyolowa, goti la mbele likagusa chini, na ng'ombe mzima, kilo mia nne na ushee, akaanza kulala upande ule uliokuwa wazi.

"Asilale!" daktari alipiga kelele. "Akilala vinamwagika vyote!"

Chilumba alikuwa ameshaingia chini. Aliweka mgongo wake wote chini ya kifua cha Kidoti, magoti kwenye samadi, akanguruma kama mtu anayeinua gari. Bibi Monica akashika mkia na nyonga, kanga ikamdondoka, akapiga kelele kuelekea ukutani, "Naimaaa! Zima! Zima huo mziki, tumempasua ng'ombe!" Uzi mmoja ulikatika kwenye kona ya chini ya jeraha. Editha aliuona ukikatika, mbele ya jicho lake, na ngozi ya tumbo ikaachana na ubavu upana wa vidole viwili. Maji ya kijani yakaanza kutiririka kuelekea kwenye uwazi. Daktari akatumbukiza taulo, akaziba kwa mkono wake mbovu, akapiga ukelele wa maumivu na hakuutoa.

"Mwalimu, toa mkono!"

"Nimeushika!"

"Toa!"

Hakuutoa. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Pengine ni ukaidi, pengine ni woga wa kumtazama mama mkwe wake akiwa mikono mitupu. Alibana vidole hata asivihisi tena. Kidoti akajikakamua kuinuka, Chilumba akimsukuma kutoka chini, na mwili wote wa yule mnyama ukarudi nyuma kwa nguvu moja. Waya ukabaki kwenye vidole vya Editha.

Muziki ulikatika. Kidoti alisimama kwa miguu yote minne, akitetemeka. Editha alitoa mkono polepole, mweusi kwa majani hadi begani, na kwenye kiganja chake kulikuwa na waya wenye kutu, mrefu kama kidole cha kati, umechongoka upande mmoja.

Hakuna aliyeshangilia. Daktari alikuwa ameinama kwenye ile kona, anafuta, anafuta tena, anatazama taulo.

"Yameingia?" Editha aliuliza.

"Kijiko. Labda viwili."

"Kijiko kinatosha kumuua?"

"Kinatosha. Na huenda kisitoshe. Lete dripu zote zilizomo sandukuni."

Walimwaga maji ya chumvi ya vuguvugu humo ndani, wakayafyonza kwa taulo safi, wakamwaga mengine, mpaka yakatoka meupe. Daktari akashona tumbo mara mbili, akalifungua kutoka kwenye ngozi, akaliacha lirudi mahali pake. Akashona utando, nyama na ngozi. Ilikuwa saa tisa alasiri alipokata uzi wa mwisho, na Chilumba ndiye aliyemsaidia kuvua koti, maana mkono wa kulia ulikuwa haufiki popote.

"Sindano siku tano, asubuhi na jioni," alimwambia Editha. "Maziwa yasinywewe mpaka niseme. Nitarudi kesho, na keshokutwa."

Siku mbili za kwanza Kidoti alikuwa na homa. Alisimama kichwa chini, na ubavu wake wa kushoto ukavimba kuzunguka nyuzi. Editha alimdunga sindano kabla ya kwenda shule na aliporudi. Bibi Monica alikuwa akimkamulia matone yale machache na kuyamwaga mferejini kwa mkono wake mwenyewe. Hakumsemesha mkwe wake. Chakula alikula, salamu aliitikia, lakini kama kuna jambo la ng'ombe alilisema kwa ng'ombe: "Huyo mwenzio anakuja na sindano, vumilia." Editha alilala na kuamka na neno lile, kijiko. Darasani alisahau majina ya wanafunzi.

Jumatatu daktari alikunja ngumi, akaizamisha kwenye lile bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, akatazama saa yake. Dakika mbili. Dakika tatu. Hakuna kilichosogea chini ya ngumi, akaitoa na kutikisa kichwa. Editha alijua maana yake. Kama lile tumbo limegandia kwenye ukuta wake, hakuna sindano ya kulibandua.

Jumatano alfajiri, kabla ya kwenda kuoga, aliingia bandani peke yake. Homa ilikuwa imeshuka. Masikio yalikuwa na baridi ya kawaida. Akakunja ngumi kama alivyomwona daktari, akaizamisha, akaegemeza paji la uso wake kwenye mbavu. Hakuna. Akahesabu pumzi zake. Hakuna. Alikuwa anataka kuitoa pale kitu kizito kilipopanda kutoka chini, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani, kikainua ngumi yake, kikapita, kikashuka.

Hakusogea. Baada ya muda kikapanda tena.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo!"

Bibi Monica alikuja na kanga moja, bila viatu, uso wa mtu aliyekuja kuona maiti. Editha alimshika mkono, akamkunja vidole, akaizamisha ngumi ile ndogo ngumu kwenye bonde la ubavu. Walisimama bega kwa bega. Tumbo likapanda, likageuka, likashuka.

"Linatembea," alisema Bibi Monica.

"Linatembea, Mama. Halijagandia."

Mama yule hakutoa mkono mpaka lilipopanda mara nne. Saa moja baadaye Kidoti alinyoosha shingo, donge likapanda kooni, na taya zake zikaanza kusaga upande upande.

Si kila kitu kilipona. Wiki ya pili mimba ilitoka, na Bibi Monica aliifukia mwenyewe chini ya migomba bila kuita mtu. Maziwa yaliporudi hayakufikia ndoo tena. Daktari Zoeb alikaa mwezi mzima mkono umefungwa kwenye kitambaa, na Editha alikuwa anapitia dukani kwake kila Ijumaa kumpangia makopo ya rafu za juu.

Fredrick alivuka mpaka siku ya kumi na mbili, akapata mtandao, akapiga simu jioni wakati wanawake wote wawili wako uani. Editha alieleza kwa ufupi. Upande wa pili Fredrick alikuwa anauliza maswali haraka haraka, na kabla Editha hajajibu, Bibi Monica alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwanangu, wewe hukuwepo," alisema. "Mkeo aliingiza mkono tumboni mwa ng'ombe mpaka hapa kwenye bega, sikio limelala ubavuni kama anasikiliza redio. Ng'ombe anaanguka, daktari anamwambia toa mkono, hataki! Chilumba kapiga magoti kwenye mavi. Mie nimebaki na sketi." Akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile, cha mtu mwenye mafua. Kisha akasikiliza.

Editha alijua anaulizwa nini. Alisimama, akaokota ndoo, akajifanya anaitazama.

"Waya uliingiaje?" Bibi Monica alirudia swali la mwanawe. Akamtazama Editha. "Ng'ombe wa mjini, baba, anakula mji. Haya, ongea na mkeo."

Akamrudishia simu, akachukua mundu wake ukutani, akatoka kwenda kukata majani.